Hodi Tatu

Programu niliipa jina mimi: Hodi.
Kirsteen wa mauzo alidhani ni kifupi cha maneno fulani,
nami nikamwacha adhani.
Wahudumu elfu moja na mia mbili wa Dundee
huibonyeza kila asubuhi milangoni kwa wazee wao,
na saa huanza kuhesabu.

Msimbo ni mmoja, maganda matatu.
Ndani ni kurasa za wavuti tu, zile zile,
zimevishwa Android, zimevishwa aifoni,
zimevishwa kompyuta kuukuu ya ofisi ya Lochee
inayokohoa ikiwashwa.
Ganda likibadilika napanga foleni dukani,
wakaguzi wanipekue siku tatu kama mzigo wa forodhani.
Kiini kikibadilika simwombi mtu ruhusa:
nasukuma usiku, watu wamelala,
wakiamka simu zao zimeshaota jino jipya.

Jumanne, saa nane za usiku,
mvua inakuja ubavu ubavu kutoka mto Tay,
nikasukuma 4.1.2.
Vidoto vya kijani vikamea kwenye skrini yangu,
Hilltown, Fintry, Broughty Ferry,
mpaka kikabaki kimoja tu, kijivu.
3.8.0.
Toleo ambalo hata mimi nilikwisha kulizika.

Seva ikabisha hodi. Kimya.
Ikabisha ya pili. Kimya.
Ya tatu, kisha ikageuka ikaenda zake.
Hiyo tatu niliiandika mimi, kwa mazoea ya kwetu:
asiyejibiwa mara tatu haongezi ya nne.

Ila mimi nilikwenda. Na kebo mfukoni.

Nilimkuta ndani ya gari lake dogo, nje ya ghorofa la mawe,
Senga Petrie, miaka sitini na mmoja,
anakula mkate wa mayai bila kuvua glavu.
"Wewe ndiye mwenye Hodi?"
Ndiye.
Simu ilikuwa juu ya dashibodi, na kile kipicha cha ndege pembeni,
haisikii, haisikiki.

"Bwana Lorimer vifungo vya shati vimemshinda," alisema.
"Nikimfunga mimi, dakika nne.
Akijifunga mwenyewe, nami namshikia tu ukosi,
kumi na moja, siku nyingine kumi na tatu,
lakini hapo anashinda kifua mbele mpaka usiku.
Wenzangu walinionyesha ile yako ya nne.
Ikifika dakika ya kumi na tano inageuka nyekundu,
inatetemeka mfukoni. Mzee anasikia.
Atasema: nenda, mwanangu, wanakuita.
Basi nikazima mtandao. Ijumaa napeleka hesabu kwa karatasi.
Hii kongwe haina haraka na mtu."

Dakika ya kumi na tano.
Mstari wa mia mbili na saba.
Ule wekundu niliuchagua mwenyewe,
nikaupima mchana kutwa
ufanane katika maganda yote matatu.

Aliniuliza kama nataka nusu ya mkate.
Nikala.
Kebo haikutoka mfukoni.

Usiku ule nikaandika 4.1.3.
Nimeondoa rangi. Nimeondoa mtetemo.
Saa bado inahesabu; saa imo kwenye mkataba,
na mkataba hauna mstari ninaoweza kuufuta.
Penye maelezo ya toleo, pale pasiposomwa na mtu,
niliandika: Marekebisho madogo.

Vikamea tena, Fintry, Hilltown, kijani juu ya kijani,
Kirsteen bado yuko usingizini,
na kile kimoja kikabaki vile vile, kijivu.
Sikumlaumu.

Alfajiri nilipita Lochee kwa miguu,
nikapenyeza karatasi chini ya wipa ya gari lake:
Haitetemeki tena. Ukitaka, washa. Usipotaka, basi.

Wino umeanza kuvuja kwa mvua.
Hiyo ni hodi ya kwanza.